Bastola ya upepo ya kupampu: kabla hujanunua chuma, hesabu pampu zako

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Columbus, Ohio, nimejinunulia Crosman 1377 mpya, ile bastola ya upepo ya kupampu kwa mkono. Napenda kupiga makopo uwani kwa dada yangu, ana shamba kidogo nje ya mji. Shida yangu kwa yadi kumi natawanya tu, kopo moja napata, matatu nakosa. Mume wangu anasema inataka nguvu, ameona watu wanabadilisha valvu na pistoni. Rafiki yangu anasema niweke brichi ya chuma, kile kipande cha nyuma ya mtutu unapowekea peleti, na darubini. Nina dola mia moja tu za kuchezea. Nianzie wapi? Na je ni kweli inaweza kupampiwa hadi mara kumi na tano? Halafu Desemba naenda Dar, baba yupo Kigamboni kunguru wanamsumbua sana, naweza kumpelekea moja kama hii?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo kuna maswali kama matano lakini mengi jibu lake ni moja, kwa hiyo nianze na lile ambalo shemeji hatalipenda. Hiyo bastola haijapungukiwa nguvu, ina nguvu kuliko kazi unayoipa. Kinachopungua ni mkono uliotulia, na huo mkono unautikisa mwenyewe kila ukipampu mara kumi halafu hapo hapo unanyoosha na kufyatua.

Usiniamini, jaribu. Bandika karatasi mbili kwenye boksi, chukua soksi ndefu ijaze mchele uifunge, iweke juu ya meza iwe mto. Karatasi ya kwanza piga kama ulivyozoea, pampu kumi, umesimama, peleti tano, yaani vile virisasi vyake vidogo. Ya pili pampu nne tu, umekaa, mkono uko juu ya ile soksi, peleti tano. Sasa zitazame zote mbili. Kama ya pili matundu yamejikusanya na ya kwanza yametapakaa, umeshajua bastola yako ni nzima na dola mia yako bado iko mfukoni. Na kama hata kwenye soksi zinatapakaa, ndio tuanze kuiangalia bastola yenyewe, ila kabla ya bastola tuangalie peleti, nitafika huko.

Kwa nini pampu kumi ni tatizo? Shika hiyo forendi, kile kipande cha chini unachokivuta, pampu ya kwanza hadi ya tatu ni kama unafunga dirisha, ya sita unaanza kukunja uso, ya tisa na ya kumi unaikumbatia kifuani kama unamkamata kuku. Ukimaliza hapo misuli ya kiganja inacheza yenyewe, na mtutu wake ni mfupi, inchi kumi na robo, kutikisika kidogo tu kwenye mkono kunakuwa kukubwa kule kwenye kopo. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napiga za pampu kumi kumi nikidhani ndio ukubwa, baada ya peleti thelathini mkono ulikuwa unashindwa hata kukamata kikombe cha chai bila kukimwaga, na nilikuwa nalaumu mtutu.

Hesabu yenyewe iko hivi na ni rahisi. Uzito wa peleti kwa greni, kile kipimo kidogo cha uzito wa peleti, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, kasi iwe futi kwa sekunde, halafu gawanya kwa 450,240, unapata nguvu kwa futi-paundi. Peleti ya greni 7.9 ambayo ni ya kawaida sana kwa .177, upana wa mtutu wako kwa inchi, ikitoka kwa futi 450 ina nguvu kama 3.5. Ikitoka kwa futi 600, ambayo ndio namba kubwa wanayoitangaza kwenye boksi, ina kama 6.3. Kopo la soda hata halijui tofauti ya hizo mbili, yote mawili yanalitoboa. Wewe unalipa kwa mkono wako kitu ambacho kopo halikukuomba. Na kumbuka kila pampu unayoongeza inakupa kasi kidogo kuliko ile iliyotangulia, wakati ugumu wenyewe unazidi tu.

Kuhusu pampu kumi na tano: hapana. Kiwanda kimeandika tatu kuwa chini kabisa na kumi kuwa mwisho, na hawakuandika kwa kupenda. Ndani humo kuna pistoni inasukuma hewa kwenye chumba kidogo cha valvu, ukifyatua kuna nyundo yenye springi inagonga kishina cha valvu, valvu inafunguka, hewa inatoka yote nyuma ya peleti. Ukiisindilia hewa kupita kiasi ile nyundo inagonga kitu ambacho kimeshakuwa kigumu kama ukuta, valvu inafunguka kidogo na kufunga, hewa nyingine inabaki ndani. Yaani umejichosha zaidi na peleti imetoka vile vile au polepole zaidi, na bado kuna hewa ndani ya bastola unayodhani ni tupu. Hapo bado vile vipini vya kuunganishia na mkono wa pampu havijapinda. Ndio, watu wanauza pistoni na valvu za uso bapa, na zinafanya kazi kweli, zinapunguza ile nafasi ndogo inayobaki kati ya pistoni na valvu ambako hewa hujificha bila kuingia chumbani. Ila hiyo ni kazi ya mtu ambaye tayari anapiga vizuri na anapenda kufungua vitu, na ukiikosea kuirekebisha pampu inakuwa ngumu kufunga au inavuja. Mwambie shemeji aisubiri kwanza.

Sasa peleti. Hapa ndio dola zako kumi na tano za kwanza ziende. Nunua makopo mawili matatu ya aina tofauti, moja ya kichwa bapa zile za kupigia shabaha za karatasi, moja ya kichwa cha mviringo, moja ya ile greni 7.9 yenye tundu puani. Kila mtutu una chakula chake na hakuna wa kukuambia ila karatasi. Usipige zile gololi za chuma, mtutu wako una mifereji ndani na chuma juu ya chuma vinasagana, halafu gololi hurudi. Nimeona moja imegonga jiwe ikarudi mpaka kwenye ndoo nyuma yetu, tangu siku hiyo miwani ya plastiki navaa hata nikipiga peke yangu, na anayesimama karibu nami anavaa pia.

Na kingine, hiyo brichi ya plastiki uliyonayo, pale kwenye kijifereji unapolazia peleti pamebana, peleti ndogo hugeuka ikalala kinyume, au ikaingia kichwa chini ukafunga bolti, kile kijiti cha kusukumia peleti, kwa nguvu ukaivunja sketi yake, ule ukingo wa nyuma, na hiyo peleti haitaenda popote unapotaka. Elekeza mtutu chini kidogo, iweke peleti kwa ncha ya kidole, isukume na bolti taratibu, ukihisi imegoma usilazimishe. Mpangilio wangu ni huu, vuta bolti nyuma mpaka isikike imeshika, sefti weka, pampu, ndipo uweke peleti, funga bolti. Peleti inaingia mwisho ili muda wote unaohangaika na mkono wa pampu kusiwe na kitu mtutuni. Na ukipampu fungua mpaka mwisho, subiri kidogo hewa iingie, funga kwa mwendo mmoja usipige kofi, na ile nyama ya kiganja iondoe njiani maana hicho kipande kikifunga kinang'ata, mimi alama ninayo mpaka leo.

Tuje kwenye brichi ya chuma, maana rafiki yako hajakosea, amewahi tu. Uzuri wake ni kwamba inashika mtutu vizuri, kijifereji kinakuwa na nafasi zaidi, na juu kuna reli ya kufungia kilengeo au darubini. Mimi nililipa kama dola arobaini na kitu. Uzuri mwingine ni kwamba hii 1377 na ndugu yake 1322 ya .22 na ile 2240 ya gesi vinashirikiana vipuri vingi, kwa hiyo soko la vitu vyake ni kubwa sana, mitutu mirefu, mishiko ya mbao, vitako, bolti, ndio sababu watu wanaipenda, ukinunua moja ni kama umenunua mfupa wa kuvalisha nyama yoyote. Kabla hujalipa uliza kama seti hiyo inakuja na kilengeo cha nyuma, usije ukafunga chuma chako kizuri ukajikuta huna cha kulengea.

Kuifunga ni kazi ya nusu saa kama una subira. Hakikisha hakuna hewa ndani, elekeza pahala salama ufyatue tupu kwanza. Kuna skrubu nyuma inaonekana, kuna nyingine imejificha ndani kwenye kijifereji cha peleti, lazima bolti iwe nyuma ndio uione, na kuna ya kubana mtutu. Bisibisi za alenki, zile za pembe sita, ziwe za inchi, usilazimishe za milimita, zinaingia zinacheza zinakula kichwa cha skrubu halafu umekwama. Na hapa naomba usome mara mbili: chini ya brichi, pale tundu la hewa linapopanda kutoka kwenye valvu, kuna sili ndogo ya kuzibia hewa, ndogo kuliko tonge ya wali unayompa mtoto wa paka. Ukinyanyua brichi inatoka nayo au inabaki au inaruka. Yangu iliruka. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwenye kapeti la rangi ya kahawia, nilitambaa na tochi ya simu kama dakika arobaini, mke wangu akaja akauliza nimepoteza pete, nikasema ndio. Tandika taulo jeupe, fanyia kazi juu ya taulo, na ile sili ukiirudisha hakikisha imekaa sawa, ikikaa upande hewa inavuja pembeni na utasema bastola imekufa.

Darubini sasa, hapa watu wengi wanajuta na hakuna anayewaambia. Unapopampu mkono wako mmoja unashika wapi? Unashika juu, pale pale kwenye brichi. Ukishaweka darubini pale, mkono hauna pa kushika, unaanza kushika darubini yenyewe, kila baada ya peleti unaipinda kidogo, kisha unalalamika haikai kwenye shabaha. Halafu ya bunduki ndefu haifai, inataka jicho liwe karibu nayo, wakati wewe umenyoosha mkono, utaona giza tu. Kama lazima, tafuta ya kidoti chekundu, ndogo, fupi, uifunge inapokuachia nafasi ya kiganja, ujaribu kupampu nayo kabla hujakaza skrubu za mwisho. Kuna pia vile vibano vya kufunga kwenye mtutu bila kubadili brichi, ni rahisi kwa bei, ila mtutu wenyewe unashikwa na plastiki, ukiugonga kidogo umehama.

Kama ingekuwa dola mia ni zangu na natafuta makopo, nisingeanza na darubini. Ningenunua kitako. Crosman wanacho cha plastiki, namba 1399, unafungua vibao vya mshiko kwa skrubu unakifunga badala yake, dakika tano, bastola imekuwa kijibunduki kifupi cha kuweka begani. Na hapo ndipo kitu cha bure ambacho wenye 1377 wengi hawajui wanacho: kile kibati cha kilengeo cha nyuma kina upande wa pengo na upande wa tundu. Tundu ukinyoosha mkono halina maana, ni la jicho la karibu. Ukishaweka kitako, legeza, kigeuze, chungulia tunduni, weka ncha ya mbele juu ya kopo. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilicheka mwenyewe. Tena kitako kinasaidia hata kupampu, unakibana pajani.

Triga yake ni nzito na ina mchanga mchanga, kweli. Inalainishwa kwa springi nyepesi au kwa kusugua nyuso zinazokutana kwa msasa laini sana wa maji na tone la grisi. Kusugua, sio kuchonga. Ukibadilisha pembe ya kile kikamatio kinachoizuia nyundo, nyundo inaweza kuachia yenyewe ukiigonga bastola mezani, na hiyo sio triga laini tena, hiyo ni ajali inakusubiri. Halafu ukifungua kile kibao cha pembeni kuna kigololi na kijispringi cha sefti vinaruka kama ile sili, taulo tena. Mimi ningekuambia piga peleti mia tano kwanza, triga nayo hulainika kwa kutumika, kisha uamue.

Mafuta: tone moja kwenye kichwa cha pistoni ukiwa umefungua mkono wa pampu, unakiona kwenye ule mpasuko, na tone kwenye vipini vinavyozunguka, kila baada ya peleti mia mbili hamsini hivi. Tumia yale ya Crosman wenyewe, Pellgunoil. Usipulizie WD-40, wala mafuta ya cherehani yaliyopo kabatini, sili ni za mpira na hayo hayazifai. Kama unahisi inavuja, pampu tatu, iache saa moja, ifyatue kwenye kizuizi bila peleti, ikilia kama kawaida ni nzima, ikikohoa tu weka tone la mafuta urudie kabla hujaenda kununua sili.

Kizuizi chenyewe, huko shambani usitegemee uzio wa mbao. Chukua boksi la mbao, jaza ule udongo mzito wa mafundi umeme wanaozibia mabomba ya nyaya, unauzwa kwa tofali kwenye maduka ya ujenzi, peleti inazama inakaa humo humo, hakuna kelele hakuna kurudi. Nyuma yake kuwe na kilima au ukuta. Na peleti ni risasi, ile metali yenyewe, naona watu wanaziweka mdomoni wakisubiri kupampu, acheni jamani. Osha mikono kabla ya kushika chapati, hasa watoto wakiwa karibu.

Sasa sikia hili kwa makini maana uko Ohio na sura yako ni yetu. Kwa sheria ya Marekani ya taifa zima hii haihesabiwi kama bunduki ya baruti, ndio maana uliipata bila makaratasi, ila majimbo na miji ina yake, New Jersey wanaihesabu kama bunduki kabisa, na miji mingi hairuhusu kufyatua ndani ya mipaka yake, kwa hiyo kule kwa dada yako ulizia kwanza kwa sherifu wa kaunti. Hicho ndicho chepesi. Kizito ni kwamba haina ile ncha ya rangi ya chungwa, sheria ya ncha ni ya vitu vya kuchezea, na kwa mtu aliye mita ishirini ni bastola. Hapo hapo Ohio, Agosti 2014, John Crawford alipigwa na polisi akafa ndani ya duka Beavercreek, ameshika bunduki ya upepo aliyoichukua kwenye rafu ya duka hilo hilo. Novemba mwaka huo huo Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, naye aliuawa na polisi akiwa na ya kuchezea. Kwa hiyo inatoka nyumbani ndani ya kikasha kilichofungwa, inakaa kwenye buti, inafunguliwa ukishafika nyuma ya nyumba ya dada, majirani wamepewa taarifa, na haishikwi kwenye gari hata kwa picha. Mwanao asiitoe kumuonyesha rafiki yake. Hapa sina mzaha.

Kuhusu baba na kunguru. Kunguru wa Dar nawajua, wale wenye shingo ya kijivu waliokuja kutoka India, wanaiba hadi sabuni. Lakini usiitie kwenye begi. Kinachowaponza watu ni kwamba uwanja wa ndege wa hapa Marekani wanaruhusu bastola ya upepo kwenye mzigo unaoenda chini, basi mtu anaona imepita anadhani imekubalika safari nzima. Aliyeruhusu ni wa huku, anayekusubiri Dar ni mwingine, na Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 na vibali vyake. Kama baba anaitaka kweli aanzie kituo cha polisi cha kwao, apate jibu kwa maandishi kabla wewe hujakata hata tiketi. Uingereza vile vile, kama una ndugu huko anayetaka: bastola ya upepo inayozidi futi-paundi 6 imepigwa marufuku, na Scotland hata za chini ya hapo zinataka leseni tangu mwisho wa 2016, na ile hesabu yetu ya juu imekuonyesha 1377 inacheza karibu na mstari huo.

Kwa hiyo dola mia: peleti aina tatu, miwani miwili, mafuta, ule udongo, na kitako. Chenji ikibaki iweke kwenye bahasha ya brichi. Na kama baada ya mwezi bado unaona kupampu ndio kunakukera, sio kukosa kopo, basi uza hii ukatafute Beeman P17, bastola nyingine ya upepo, pampu moja tu na umemaliza, haiongezeki nguvu hata ufanyeje ila inapiga mahali pamoja. Zile karatasi mbili za mwanzo, ya pampu kumi na ya pampu nne, nitumie picha, na chini ya kila moja andika ni peleti gani.